Mheshimiwa, Nasi Tujengewe Bustani ya Amani

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya amani,

KUH: OMBI LA BUSTANI YA AMANI, GOLBANTI

Salamu kutoka delta ya Mto Tana. Hatujambo, na amani ipo, tumeivaa. Fulana za kongamano lililopita bado zinasomeka mgongoni.

Juzi nilifika Nairobi, nikaingia Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Waliouawa na bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, Nairobi peke yake 213, majina yao yako ukutani. Hata aliyeingia kupumzisha miguu huyasoma. Na nyasi, Mheshimiwa! Kijani kibichi, na hakuna ng'ombe hata mmoja. Mfugaji wa Kiorma angeangua kilio.

Nikajiuliza sisi tumepungukiwa nini. Wafu tunao. Mwaka 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa papa hapa Golbanti, Wamasai walipovamia. Na 2012, Wapokomo na Waorma walipouana, hatukubaki nyuma: Agosti, Riketa, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, Septemba, Kilelengwani, 38, wakiwemo polisi 9, Desemba, Kipao. Rais Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Grace Nzioka. Ukuta wa majina, bado tunausubiri.

Najua mna shughuli nyingi. Amani yetu hutengenezwa hotelini, mbali na mbu. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, huketishwa meza moja, wakapewa maji ya chupa na posho, wakapatanishwa juu ya mto ambao hauonekani kutoka dirisha lolote la ukumbi. Huku nyuma Mpokomo analima ukingoni, Muorma ana ng'ombe wenye kiu, na malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni, zimeota mahindi na migomba.

Kwa hiyo bustani yetu iwe malka zenyewe, na haitawagharimu mashine ya kukatia nyasi. Mpima ardhi aje na vigingi, malka zipimwe mbele ya wazee wa pande zote mbili, na ambaye shamba lake litaguswa alipwe. Penye kila malka pasimamishwe ukuta wenye majina ya waliouawa, Wapokomo na Waorma wamechanganywa, kwa alfabeti. Kiingilio kwa ng'ombe kiwe bure.

Tunaomba mpima aje kabla ya kiangazi, maana ndipo mifugo huteremka deltani kutoka bara.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Golbanti