Mheshimiwa Akialikwa Chuoni: Mwongozo wa Kukaa na Wasomi

Kwanza kabisa, Mheshimiwa, mwache dereva nyumbani. Mwache na msaidizi anayekubebea mkoba, na yule wa itifaki anayejua nani akae mbele. Chuo kikuu kilichokualika ukae nacho wiki moja, muhula au mwaka mzima hakina nafasi ya mgeni rasmi kwenye foleni ya chakula. Utashika trei yako na kusimama nyuma ya kijana wa mwaka wa kwanza asiyekujua hata jina. Msalimie. Huenda kabla hamjafika kwenye wali akakuuliza jambo ambalo ofisini kwako hakuna aliyethubutu kukuuliza tangu uapishwe.

Pili, zima kipaza sauti. Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua Taasisi yake ya Siasa mwaka 1966, iwe kumbukumbu ya Rais John F. Kennedy, na tangu zamani kimekuwa kikikaribisha wanasiasa, waendesha kampeni na waandishi wa habari wakae pale muhula mzima. Kila wiki mgeni huongoza kikundi cha majadiliano. Kikundi hicho hakina mtihani wala alama, kwa hiyo mwanafunzi hafungwi na lolote: akichoka leo, wiki ijayo humwoni. Kwa mtu aliyezoea kupigiwa makofi na umati uliosombwa kwa mabasi, sijui kipimo cha haki kuliko hicho. Basi usiwasimulie ulivyozindua mradi. Wasimulie mradi uliokufa, nani aliukataa, fedha zilikwamia wapi, na wewe ulisaini nini ukijua kabisa hautafika. Hayo hayamo vitabuni, na ndiyo waliyoyafuata.

Tatu, na hapa nakuomba utulie, nenda na maswali. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Cambridge, ile ya Uingereza, ambako Kituo cha Sayansi na Sera kilianzishwa mwaka 2009. Mtumishi wa serikali anayechaguliwa pale hatakiwi kuandaa mhadhara. Anatakiwa kuandika maswali yanayomkosesha usingizi kazini. Kituo kinayasoma, kinatafuta wasomi wanaoweza kuyajibu au kuyapinga, kisha kinampangia siku 5 za kuonana nao mmojammoja. Kwa wiki moja anaweza kukutana na watu 25 hadi 30. Hakuna ukumbi, hakuna bango lenye picha yake. Kuna viti viwili, daftari, na saa moja ya kusikiliza.

Kuandika swali zuri ni kazi ngumu kuliko kuandika hotuba. "Serikali ifanye nini kuhusu mafuriko?" halijawa swali bado, maana kila mtu atakujibu na hutabeba kitu. Jaribu hivi: Mto Msimbazi wa Dar es Salaam ukifurika Jangwani, tukiinua barabara, maji tunayoyazuia yataingia nyumba za nani? Na kwa nini mtu aliyeshawahi kuhamishwa bondeni hurudi kujenga palepale? La kwanza litakupeleka kwa mtaalamu wa maji. La pili yeye hataliweza. Atakuelekeza kwa mtu wa uchumi, au wa saikolojia, au mwanahistoria wa miji, na usikasirike ukiona unazungushwa. Huko kuzungushwa ndiko masomo yenyewe. Ofisini umezoea jalada linalokuja na jibu moja limepigiwa mstari, tayari kwa saini. Hapa utapata majibu matatu yanayopingana, kila moja na ushahidi wake, na hakuna wa kukuchagulia.

Nne, usikifanye chuo kichaka cha kujifichia. Felipe Calderón alimaliza urais wa Mexico mwishoni mwa 2012, na mwanzoni mwa 2013 alikuwa ameshapata nafasi Harvard. Wapo waliopinga hadharani, kwa sababu vita vyake dhidi ya magenge ya dawa za kulevya viliacha makumi ya maelfu ya wafu. Nawaelewa waliopinga. Kama unalo deni la namna hiyo, omba chumba, waalike wanaokudai, waachie waanze kusema, na usiondoke mpaka wamalize.

Aliyeshindwa uchaguzi naye asione haya kwenda. Kenneth Kaunda wa Zambia alipokwenda Chuo Kikuu cha Boston mwaka 2002 kukaa kama rais mstaafu kutoka Afrika, kwenye mpango ulioanzishwa na Charles Stith, aliyekuwa balozi wa Marekani Dar es Salaam baada ya bomu lililolipua ubalozi huo mwaka 1998, alikuwa na jambo zito la kufundisha. Baada ya miaka 27 ikulu alishindwa kura mwaka 1991, akakubali, akaondoka. Profesa anaweza kuandika kitabu kizima kuhusu kuachia madaraka, lakini hajui usiku wa matokeo ulivyo kwa aliyeshindwa. Mzee Kaunda alijua.

Sasa jambo linaloniuma. Serikali ya Tanzania iko Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kiko mji uleule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kina wasomi wa maji, ardhi, sheria na uchumi waliokaa na wakulima na wavuvi wetu. Vyuo vikuu vya Nairobi na Makerere vilevile. Katibu mkuu hahitaji viza kuwafikia. Lakini mara nyingi tunakutana nao kwenye warsha ya hotelini, siku moja, kila mtu na slaidi zake, kisha chai na posho, na kila mmoja anarudi na alichokuja nacho.

Kwa hiyo usingoje barua kutoka ng'ambo. Andika maswali matano wiki hii, yasizidi ukurasa mmoja, na uyaondoe yote ambayo tayari umeshayaamulia jibu. Yapeleke wewe mwenyewe kwa mkuu wa idara chuoni. Omba siku tano mfululizo na orodha ya watu wa kuonana nao, wakiwemo wawili wanaoipinga wizara yako magazetini. Muulize naibu wako kama anaweza kushika ofisi hadi Ijumaa. Akisema hawezi, hilo liwe swali la sita.