Mteja Amekula, Mlezi Bado

Hapa Ilemba mimi ni tajiri, ila hazina yangu iko mbinguni. Kila anayeniona nampeleka kaka yangu kwa kinyozi ananishika bega: "Mungu atakulipa." Wamesema wauza samaki, wamesema wachunga ng'ombe, amesema hata yule bwana ninayemdai hela ya mpunga tangu msimu uliopita. Huyo ndiye aliyenichefua. Deni ni lake, analipeleka kwa Mungu kwa nini?

Kaka alizaliwa na ulemavu wa akili. Sasa ni mtu mzima wa miaka arobaini na ushee. Anaoga mwenyewe, mradi umchanganyie maji. Anavaa mwenyewe, mradi umfungie vifungo. Vidonge vya kifafa anameza mwenyewe, mradi usimame palepale umtazame koo, maana akijua hutazami anavificha shavuni na baadaye anamlisha kuku. Thamani ya pesa haijui, moto hauogopi, na kila mwenye pikipiki kwake ni rafiki wa siku nyingi. Lakini jambo moja analijua kuliko wazee wote wa ukoo: yeye ndiye mkubwa, mimi ni mdogo wake. Marehemu mama alimfundisha hilo mapema, na halijamtoka hata siku moja.

Haya, jaribu wewe kumlea mkubwa wako. Nikisema, "Kaka, tutoke juani," anauliza nimetumwa na nani. Kiti chenye egemeo ni chake. Firigisi ni yake, nami ndiye niliyemchinja huyo kuku. Siku ya kwenda Sumbawanga mjini kuchukua dawa, gari likianza kuukwea ukingo wa bonde, yeye yuko kiti cha mbele anapiga soga na dereva. Mimi niko nyuma kabisa, nimepakatishwa dumu la mafuta la mtu nisiyemjua. Tukifika juu, kule Ufipa penyewe, baridi inatafuna masikio na watu wamejifunika makoti mazito. Koti lake nimelibeba. Halitaki. Atalivaa tukirudi huku bondeni, saa nane mchana, joto la Ziwa Rukwa limekolea mpaka mbwa hawabweki. Na hatalivua, kwa sababu mama mmoja alishamwambia limempendeza.

Halafu hajui kusema uongo, kilema ambacho kwenye familia ya wakulima ni hasara tupu. Mnunuzi wa mpunga anakuja, nakunja uso, namwambia chini ya elfu tisini gunia halitoki. Kaka kutoka kwenye kiti chake chenye egemeo: "Jana si ulimwambia shemeji hata sabini unatoa?" Mnunuzi akamsalimia shikamoo, kwa heshima zote, akanunua kwa sabini.

Wataalamu nao nina neno nao. Akija mgeni mwenye daftari na fulana ya mradi, swali la kwanza ni, "Mtoto yuko wapi?" Mtoto anatoka chumbani na ndevu. Wanaduwaa. Kwenye karatasi zao mambo yote ni ya watoto: vitengo maalumu kwenye shule za msingi, mafunzo kwa wazazi, michoro ya kuchangamsha akili. Ni kama wanaamini ulemavu wa akili unang'oka pamoja na meno ya utoto. Majirani ndio kabisa. Wao wanauliza tulimkosea nani. Huu mkoa umeshasingiziwa mambo ya kutosha. Mtu wa Dar es Salaam akisikia Rukwa anaulizia radi za kichawi kabla ya kuulizia mahindi, sitaki na sisi wenyewe tuongeze.

Serikali siilaumu kwa maandishi, maana maandishi inayo. Mwaka 2009 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inawataja ndugu kwenye jukumu la matunzo. Nilifurahi kutajwa. Nikatafuta ilipotajwa posho, nikaona nimefika mwisho wa karatasi. Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mke wangu akasema tumwombee shemeji. Nikamwambia, mama, mkopo hurudishwa. Huyu ukimpa laki tano asubuhi, jua linazama bodaboda wote wa Ilemba wameoa mke wa pili.

Aliyenivuruga zaidi ni mpwa wangu aliyeko Minnesota. Kazi yake huko ni hii hii yangu, kama ilivyo kwa Wakenya wengi na watu wa kwetu waliofika Marekani: nyumba moja, watu wazima wachache wenye ulemavu, na walezi wanaopokezana zamu. Analipwa kwa saa. Hata akikaa kwenye kochi wateja wamelala, saa inahesabu. "Tena Mjomba," akasema, "majimbo mengine huku ndugu akimlea ndugu yake, analipwa vilevile." Chai ilinipalia.

Akanieleza kwamba kila zamu ikiisha wanaandika ripoti. Nikachukua daftari la binti yangu, nikaanza siku hiyohiyo:

"Saa 1 asubuhi. Mteja ameamka. Ameulizia chai. Sukari hakuna. Mteja amemtazama mtoa huduma kwa muda mrefu.

Saa 4. Mteja amegoma kunyolewa upande wa kushoto.

Saa 7. Mteja amekula ugali na kambale, chakula chote. Amekula pia cha mtoa huduma.

Saa 12 jioni. Zamu imeisha. Nimemkabidhi mteja kwa:"

Hapo nikakwama. Nilimtazama mke wangu, akainuka kwenda kuangalia mboga ambayo haikuwa jikoni.

Kaka aliona naandika akataka kujua naandika nini. Nikamwambia ni habari zake. Hakusema kitu. Kesho yake nimerudi shambani nakuta amemkalisha binti yangu kwenye mkeka, yeye kitini, na daftari limeandikwa kwa mwandiko wa darasa la sita:

"Baba Mkubwa anasema: asubuhi mdogo wangu amenuna. Mchana bado amenuna. Maji ya kuoga aliyaleta ya baridi. Redio ameinunulia betri za bei rahisi. Kazi yake siyo mbaya ila anaongea sana. Baba Mkubwa anasema alipwe."

Nimempigia mpwa kumwuliza hiyo ripoti inapelekwa ofisi gani.