Njano Mbili na Feni Moja

Feni ya kompyuta yenye nyaya tatu ina mgawanyo wa kazi ulio wazi: waya mwekundu huleta volti 12, mweusi hurudisha umeme, na wa njano hauzungushi chochote bali hubeba habari tu, kwa kuwa ndani ya feni mna kitambuzi cha sumaku kinachofunga na kufungua njia ya waya huo mara mbili kila mapanga yanapokamilisha mzunguko. Madabodi, yaani ubao mkuu unaobeba viungo vya kompyuta, huhesabu mipigo hiyo, huigawa kwa mbili na kutangaza mizunguko kwa dakika.

Haja ya kutenganisha nguvu na habari huzuka pale feni inapokuwa na ulafi. Soketi ya feni kwenye madabodi ya kawaida hutoa ampea 1 hivi, ilhali feni iliyong'olewa kwenye seva ya mtumba, ya aina ipatikanayo Luthuli Avenue jijini Nairobi, huweza kudai ampea 2. Aidha, Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, hivyo feni ya kasi ileile huondoa joto pungufu. Hoja hii ndiyo aliyoitumia mwandishi wa insha hii kujihalalishia ununuzi, bila kujali kwamba baridi ya Julai pale mtaani Kangemi ingemfanyia kazi hiyo bure.

Suluhisho lenyewe ni jepesi: nyaya nyekundu na nyeusi hukatwa na kuunganishwa moja kwa moja na saplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani, huku wa njano ukibaki peke yake kwenye madabodi, nao hauhitaji mwenzi kwa sababu saplai hiyohiyo huilisha madabodi na njia ya kurudi ni moja. Tatizo liko kwenye rangi. Katika plagi ya saplai yenye pini nne, wa njano ndio wenye volti 12 na mwekundu una volti 5 tu, kinyume kabisa na desturi ya feni. Na mtu aliyelelewa kuamini kwamba nyekundu ni nyekundu ataunga kila rangi na jamaa yake, tena kwa unadhifu, akizungushia tepu mara tatu.

Mwandishi alifanya hivyo hasa. Feni iliamka kwa uvivu, ikizunguka kwa volti 5 kama mwenye nyumba aliyeamshwa kufungua lango, ilhali zile volti 12 zilikuwa zimekwisha kuingia katika waya wa habari na kukichoma kitambuzi, kikaacha harufu hafifu ya ugali ulioshika sufuria. Feni ilipofikishwa mjini kwa matatu ndani ya kiondo, fundi aliizungusha kwa kidole, akautazama mshono ule nadhifu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Mkubwa, njano ya feni si njano ya saplai."

Baada ya kuungwa upya ipasavyo, feni hiyo huvuma kama matatu inayopanda Waiyaki Way kwa gia ya kwanza, huku madabodi, isiyopokea mpigo hata mmoja, ikisoma mizunguko 0 na kukataa kuwaka hadi mtu akiri kosa kwa kubonyeza F1. Kila stima inapopotea na kurudi, ungamo hilo hurudiwa, na maandishi ya kitufe hicho yamekwisha kufutika.