Pilau Iliyogoma Kufunguka

Kina baba mkwe walikuwa wameshafika Ubungo. Pilau imeiva, tumeipua mapema, makaa ya juu tumeyakung'uta, na sasa kifuniko hakitoki. Kimezama ndani ya mdomo wa sufuria, kimekaza pande zote, hakuna hata pa kuchomeka ncha ya kisu.

"Si una bando? Iulize hiyo simu," mke wangu alisema, upawa mkononi.

Nikaandika: kifuniko kimenasa ndani ya sufuria ya pilau. Simu ikaliona neno moja tu. Nikaletewa pilau ya kuku, pilau ya njegere, pilau ya nazi. Nikalifuta neno pilau, zikaja bei za sufuria. Nikahamia Kiingereza, nikakutana na majiko ya presha na video ya bwana mmoja aliyenisihi kwanza nibonyeze kengele, kisha ndipo akaonyesha kuwa chake ni kifuniko cha kioo. Huyo hajawahi kupalia makaa maishani mwake.

Kubonyeza huku na kule kukanifikisha Ujerumani ya karne ya 17, kwa Otto von Guericke, meya wa Magdeburg. Aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa iliyokuwamo, na farasi wakavuta pande mbili wasiweze kuzitenganisha. Nikapata mwanga. Mvuke ulikuwa umefukuza hewa sufuriani, ukapoa ukawa maji, na hewa ya nje, karibu kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, ikakikalia chakula chetu.

Nikamsimulia mke wangu habari za farasi.

"Kina baba wako Magomeni," akajibu.

Dawa ilikuwa kuirudisha jikoni ili mvuke uzaliwe upya, na mvuke huo bei yake ni ukoko. Mke wangu hakutaka kuwapa wazazi wake wali ulioungua. Mimi sikutaka kuwapa sufuria iliyofungwa. Binti yetu hakungoja tumalize, akaitua juu ya makaa. Punde kikalia pah! na upande mmoja ukainuka.

Baba mkwe aliukwangua ukoko wote, akauliza kama umebaki mwingine.

Kesho yake jirani akapiga hodi. Anakitafuta kifuniko chake, alituazima sufuria siku ya maulidi, tukamrudishia na kifuniko kikubwa kisicho chake.