Namna ya Kumchinja Fahali wa Mchokozi

Hapa Mikinduri, fahali wa jirani akivunja ua na kula mahindi yako, hatua ya kwanza kila mtu anaijua: mkamate, mfunge, mwite naibu wa chifu. Hatua ya pili ndiyo inayogawa watu. Wapo wanaosema achinjwe leo na pesa ya nyama inunue mbegu. Wapo wanaosema asiguswe hadi mwenyewe aje.

Ulaya imekwama kwenye hatua hiyo ya pili tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Na fahali wao amenona: mali ya Benki Kuu ya Urusi ya takriban euro bilioni 210 imezuiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, sehemu kubwa ikiwa Brussels, katika kampuni ya kutunza hisa na hatifungani iitwayo Euroclear. Je, achinjwe, ajenge upya nyumba zilizobomolewa?

Nasema achinjwe, ila yapo masharti, na masharti hayo sisi wa Meru na Embu tumeyalipia.

Anza kwa kuuliza ni nani aliyeshika kamba. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliyekamata ng'ombe wa watu ndiye aliyekuwa mchokozi. Serikali ya kikoloni ilijiandikia kanuni za adhabu ya pamoja: wakazi wa mahali wakishukiwa kuwalisha Mau Mau, mifugo yao ilichukuliwa, wenye kosa na wasio na kosa. Mwaka 1953 ikatunga sheria ya kuwapokonya wapiganaji mashamba yao. Watu zaidi ya milioni moja wakahamishiwa vijiji vya lazima. Mifereji ya mpunga ya Mwea, wakati huo ikiwa wilaya ya Embu, ilianza kuchimbwa kwa jasho la mahabusu. Yote hayo yalikuwa na karatasi na muhuri. Mkamataji alikuwa mlalamishi, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana siwafuati wanaosema "chukueni tu, Urusi si ndiyo yenye makosa?" Makosa inayo. Lakini mlango ukifunguliwa kwa nguvu tu, kesho atakayeingizwa humo si Urusi, ni nchi maskini iliyoweka akiba yake London au New York ikakosana na mwenye ghala. Deni litamkwe kwanza na chombo cha kimataifa chenye mamlaka, ndipo kisu kinolewe.

Wakati kesi inaendelea, usiiachie kamba. Wazee wetu hawakuwa na kamba ya kushika. Uingereza haikuwa na senti iliyozuiwa mahali popote kwa ajili yao, basi ikawa ni kungoja. Waliishtaki serikali ya Uingereza huko London mwaka 2009, miongoni mwao Jane Muthoni Mara, aliyeteswa katika kambi ya Gatithi. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ikatangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwa humo, kwa walalamishi 5,228. Wengine zaidi ya 40,000 walipofuata, kesi yao iligonga mwamba mwaka 2018, kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Muda huo ulikuwa mikononi mwa nani? Na lililo chungu zaidi ni mashamba. Katika Mpango wa Ekari Milioni Moja, walowezi walilipwa bei ya soko waondoke, na Mkenya akakopeshwa pesa anunue ardhi ya nchi yake, kisha akalipa mkopo huo kwa mavuno yake.

Basi kwa Ukraine mpango huo ugeuzwe: mkopo uwe juu ya mgongo wa mchokozi. Fahali hatoi maziwa, lakini analima. Alime shamba aliloliharibu huku kesi ikisikizwa. Hilo Ulaya na wenzake wameanza kulifanya. Mwaka 2024 pesa za Urusi zilizozuiwa ziliipatia Euroclear riba ya karibu euro bilioni 6.9, na mwaka huohuo mataifa ya G7 yalikubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50 zitakazolipwa kwa faida ya namna hiyo. Desemba 2025 viongozi wa Umoja wa Ulaya walijaribu kuegemeza mkopo mkubwa zaidi kwenye mtaji wenyewe. Ubelgiji ikagoma, ikihofia kushtakiwa peke yake. Viongozi wakaamua kukopa wenyewe euro bilioni 90, mali ya Urusi ikaendelea kufungwa bila tarehe ya kuachiliwa. Ubelgiji ina haki ya kudai wenzake wabebe hatari pamoja nayo. Ila wenzake wakishakubali kuibeba, visingizio viishe: makadirio ya Februari 2025, yaliyoshirikisha Benki ya Dunia, yalisema kuijenga upya Ukraine kunahitaji dola bilioni 524 kwa miaka kumi. Hata ukimchinja fahali mzima, nyama haitoshi.

Sasa linda nyama. Hapa nenda Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji huo wa Kongo kwa siku sita, mabomu yakiangukia nyumba za watu ambao ugomvi haukuwa wao. Kongo ilikuwa imeishtaki Uganda mwaka 1999 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Hukumu ya kosa ilitoka 2005, na kiasi cha kulipa kikatajwa tarehe 9 Februari 2022: Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65. Mfuko wa kuwalipa wahanga, FRIVAO, ukawekwa Kisangani. Kisha kukazuka kashfa ya dola milioni 19 hivi za mfuko huo zilizoelekezwa kwenye ujenzi wa gereza, na Septemba 2025 mahakama ya Kinshasa ikamhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu. Mama aliyepoteza mguu mwaka 2000 alihitaji mguu wa bandia. Hakuomba gereza. Kwa hiyo pesa ya fidia isipitie mfuko wa wizara yoyote, iwe Kinshasa, Kyiv au Nairobi. Imfikie aliyeumizwa kwa jina lake, na orodha ibandikwe ukutani.

Jina hilo litatoka kwenye daftari. Waukraine wanalo: Rejista ya Uharibifu iliyoko The Hague ilianza kupokea madai Aprili 2024, na mtu hupeleka picha ya nyumba yake iliyobomoka angali anakumbuka siku yenyewe. Wazee wetu walilazimika kungoja mafaili ya ukoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, yakaja kujulikana mwaka 2011.

Kama nyumbani kwenu Tigania, Imenti au Runyenjes kuna mzee aliyefungwa Mwea au Manyani, au aliyeona ng'ombe wa baba yake wakiswagwa na askari, keti naye wiki hii. Andika jina lake, kambi, mwaka, idadi ya mifugo na mpaka wa shamba. Mwambie aweke kidole gumba, kisha toa nakala tatu.