Kuku Kajadiliwa, DJ Kaachiwa Muziki

Mfyuuu! Hebu nimiminie kahawa hapa, na hiyo kashata usiifiche. Kuna mambo bila kahawa hayasemeki.

Nani kati yenu hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi mji huu? Basi mnajua mambo yake. Kuku akatwe vipande vinne au vinane? Saa nzima. Vitambaa vya meza viwe vya dhahabu au zambarau? Saa na nusu, na shangazi mmoja anaondoka kanuna. Kadi ya mtu mmoja bei gani, ya wawili bei gani? Hapo hata aliyeacha shule anageuka mhasibu. Ikifika zamu ya muziki, mwenyekiti anatazama saa: “Hilo tumwachie DJ, yeye ndiye fundi.” Watu wote, “Naaam!” Kikao kinafungwa kwa sala.

Na huyo DJ ni nani? Kijana aliyekuja na ukumbi, sawasawa na viti vya plastiki. Hajui bibi harusi ni wa Same au wa Songea. Hajui kwamba wifi na mke wa kaka mtu hawasalimiani tangu Idi. Anachojua ni wimbo gani unatamba wiki hii, basi.

Fundi viatu ananikatiza: “Mzee, watu hawasikilizi maneno, wanacheza tu.”

Hawasikilizi? Wewe kijana ulizaliwa lini? Kwetu sisi wimbo ni kauli, tena kauli inayosemwa hadharani bila mtu kushikwa shati. Miaka ya 1990 vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakiwa ndio vinara, mji mzima ulikuwa unapima kila mstari unamgusa nani. Mpaka leo taarabu ikipigwa, mwanamke haendi kutunza ovyo. Anangoja mstari wake. Ukifika tu, anainuka na noti yake juu, anatembea taratibu, anapitia makusudi mbele ya meza ya yule anayemlenga. Hajasema neno, na ukumbi mzima umeshaelewa.

Sasa nilishuhudia sendofu moja, ukumbi siutaji. MC kaita upande wa kiumeni waje na zawadi. Wanawake wamejipanga wawili wawili, vitenge sare, mama mkwe mtarajiwa yuko mbele kabisa na kapu lake kalifunika vizuri. DJ akaona wamama wamesimama, akawaza wamama na taarabu, akaachia mpasho. Lahaula! Wimbo mzima unamchamba mama mkwe anayeingilia ndoa ya mwanawe. Upande wa kikeni vigelegele, noti juu! Mama wa watu katikati ya ukumbi, arudi hawezi, aendelee miguu mizito. Kapu alilikabidhi, lakini tabasamu hakulikabidhi. Mpaka leo nasikia koo hizo mbili zikikutana msibani, kila moja ina jamvi lake.

Na msidhani ni taarabu tu. “Malaika” mnaupenda, si ndiyo? Ule alioutangaza Fadhili William wa Kenya, kisha Miriam Makeba akauzungusha duniani. Sauti tamu, maharusi wanaingia nao ukumbini. Jamani, yaliyomo humo mmeyasikia? Kijana anampenda binti lakini fedha ya kuoa hana! Baba mtu kauza kiwanja, mahari imelipwa mpaka mkaja wa mama, halafu mnamwingiza bwana harusi kwa kilio cha aliyeshindwa kuoa!

Wakati wa keki nako, Whitney Houston anapanda juu na “I Will Always Love You.” Wimbo huo aliutunga Dolly Parton, akautoa mwaka 1974, akimuaga Porter Wagoner waliyekuwa wakifanya kazi pamoja. Whitney akaurudia mwaka 1992 kwa filamu ya The Bodyguard. Ni wimbo wa kuagana! Watu hawajalishana hata kipande cha kwanza cha keki, mmeshawatengua.

Mwenye bodaboda anacheka mpaka kahawa inamwagika. Cheka, na wewe zamu yako inakuja.

Tuje kwa wazee. Meza ya mbele kakaa mzee na fimbo yake, mchango wake mnono ndio ulioziba pengo la chakula. Huyu enzi zake kacheza NUTA Jazz, bendi ya mwaka 1964 ambayo leo mnaiita Msondo. Bendi ya Sikinde ilipozaliwa mwaka 1978 alikuwepo. Saa tano usiku DJ anamkumbuka, anamwekea mmoja wa nyimbo zao. Mzee anaweka fimbo kando, anamshika bibi mkono, wanaanza taratibu kama wimbo unavyotaka. Wimbo wa dansi unajengwa, bwana! Waimbaji wanaeleza kisa kwanza, wanakieleza kwa raha zao, ndipo magitaa yanakazana na tarumbeta zinaingia, na hapo ndipo mchezaji anapojulikana. Sasa DJ, kabla ya dakika mbili, krrrk! Kakata. Kaweka mwingine. Mzee kabaki kainua mguu mmoja. Ukimkatia mtu wimbo kabla ya sebene, ungemwacha tu akae.

Singeli mimi siipingi, msije mkanizulia. Imetoka uswahilini kwetu, Manzese na Tandale, nayo ina raha yake. Lakini mapigo yanapita mia mbili kwa dakika, na mtu ana paja la kuku mdomoni! Atapaliwa. Wakubwa wakishaaga, vueni viatu mrushe vumbi mpaka asubuhi, kama mwenye ukumbi na majirani wanaruhusu.

Kipaimara ndiyo siigusi, nitapandwa na presha. Mtoto wa darasa la saba, gauni jeupe, rozari mkononi, padri hajamaliza soda yake, spika zinaimba mambo ya chumbani! Mwaka 2018 BASATA, baraza la sanaa, waliufungia wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond kwa maneno yake. Baraza linafungia, DJ anafungulia, mzazi anapiga makofi.

Fundi viatu bado hajaridhika. “Sasa mzee, kamati ndiyo ichague kila wimbo? Si itakuwa hotuba hiyo?”

Hapana. DJ naye aachiwe ufundi wake, maana anajua kusoma miguu ya watu kuliko mwenyekiti. Ila zipo nyakati ambazo wimbo unasema kwa niaba ya ukoo: maharusi kuingia, keki, zawadi, wazazi kutambulishwa. Hizo chagueni wenyewe. Toeni mtu mmoja kiumeni na mmoja kikeni, wakae na DJ nusu saa, wasikilize maneno tangu mwanzo mpaka mwisho. Wamwambie na nyimbo zisizotakiwa. Na ngoma ya kwao msiisahau: kama ni Wangoni, lizombe, kama ni Wasukuma, bugobogobo, kama ni Wazaramo, mdundiko. Hiyo huenda DJ hana, mpelekeeni kwenye flashi. Mtaona bibi aliyeletwa kwa kushikwa mikono anavyofika katikati ya ukumbi bila kusaidiwa na mtu.

Nusu saa tu jamani, na mmemaliza saa mbili na nusu kwa kuku na vitambaa! Basi mimi mchango wangu wa harusi ijayo ninao hapa mfukoni, noti zimenyooka. Nitautoa nikishaiona orodha ya nyimbo.