Sifa za Tope la Jangwani

Wengine na wasifie bahari na karafuu. Mimi nalisifu tope, tena lile la Jangwani, Mto Msimbazi unapopita chini ya Kariakoo ukitafuta bahari. Halina mshahara wala likizo, na Barabara ya Morogoro ikifungwa kwa mafuriko, lenyewe ndilo linalofika kazini. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilipojengwa palepale, liliingia bila nauli. Mashabiki wa Simba wana deni nalo: bila mafuriko ya Jangwani wangewaitaje Yanga vyura?

Kipaji chake hasa ni ukarani wa masjala. Kila kiletwacho kutoka vilima vya Pugu, Vingunguti, Kigogo na mitaro ya Kariakoo hulipokea: mchanga, kifusi, manyoya ya kuku, kandambili ya mguu mmoja. Wapo watakaolitajia tope la Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, linalopanga utando mweupe wa kiangazi na mweusi wa mvua mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa huko zaidi ya mita 200, wakapata kumbukumbu za miaka kama 250,000. Hongera zake. Lakini Chala hakuna mto wa kuvuruga majalada.

La Jangwani hufanya kazi katika fujo. Kwa utaratibu, kiroba cha pombe kali, kilichopigwa marufuku Machi 2017, kingelala chini. Mfuko wa plastiki wa rambo, uliokatazwa Juni 2019, ukafuata. Chupa ya maji ya juzi ikakaa juu. Maji yakija kwa nguvu, mto unakwangua kitako chake na kukipandisha kiroba juu ya chupa. Mtafiti wa kesho akichimba hapo ataapa kuwa viroba viliruhusiwa tena.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Yalistahili tabaka lao la mchanga, likae hapo lishuhudie. Lakini mchanga wa Msimbazi una wateja. Huenda ushahidi huo sasa ni tofali kwenye ukuta wa mtu, umepigwa lipu na rangi.

Kisha huja kijiko kusafisha mto. Huchota la juu kwanza na kulimwaga ukingoni, la chini likapandishwa juu yake, na historia yote ikapinduliwa kabla ya saa sita mchana. Tope halinung'uniki. Masika yakianza linateremka tena mtoni, kufungua jalada jipya.